Karudi fiti, inatosha! Cheti cha mchezaji si cha kijiweni

BARIADI. BEKI wa kushoto hajaonekana mazoezini kwa wiki sita. Wiki ya kwanza kijiweni walisema ni malaria. Ya pili ikawa taifodi. Ya tatu akatokea mtu aliyemwona stendi akipanda basi la Mwanza, ikawa "kapelekwa Bugando, hali tete". Kufika wiki ya sita yanatajwa magonjwa manne, na kila anayetaja anaapa kwamba kaambiwa na mtu wa ndani kabisa.

Jumamosi jioni beki anarudi. Viatu mkononi, jezi inampwaya kidogo. Kabla hajakaa chini kufunga kamba, swali la kwanza haliulizi kama atacheza. Linauliza: "Kwani ulikuwa unaumwa nini?"

Hapo ana njia tatu. Akisema ukweli, kabla ya saa mbili usiku utakuwa kwenye kundi la WhatsApp la timu, na keshokutwa utakuwa sokoni. Akidanganya, itabidi aukumbuke uongo wake msimu mzima. Akinyamaza, watu watamjazia wenyewe, na wakijaza wao huwa hawajazi mafua.

Beki huyo hana jina kwa sababu yupo kila timu. Yupo Bariadi mjini, yupo Maswa, yupo Mwanhuzi kule Meatu, yupo Lagangabilili wilayani Itilima na Lamadi kule Busega. Wilaya zote tano za Simiyu zina timu, zina ndondo na zina vijiwe. Na kila msimu yupo mchezaji anayeumwa, anayepona, na anayerudi akiwa na hofu ya maneno kuliko hofu ya winga wa timu pinzani.

Hofu hiyo si ya kuchekesha. Kwenye soka inaweza kuua.

KAZI MBILI, SIRI MOJA

Mchezaji wa ngazi ya mkoa mara nyingi hali kwa mpira peke yake. Asubuhi ana bodaboda, au yupo shamba la pamba, au kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, au anafundisha, au ni kibarua wa halmashauri. Jioni ndiyo anavaa bukta. Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa na hela zikaingia mifukoni, ndondo zinachangamka na mchezaji mzuri anaweza kupata cha kuongezea.

Kwa hiyo akirudi kutoka hospitali anarudi kazini mara mbili. Neno likitoka uwanjani halibaki uwanjani. Abiria aliyesikia kwamba dereva wake ana TB atapanda pikipiki nyingine. Mama ntilie atampa sahani ya peke yake. Mwajiri atamwambia "pumzika kwanza", na kupumzika huko hakuna mwisho.

Jijini Dar es Salaam mchezaji anaweza kuumwa Mbagala na kutibiwa Mloganzila bila jirani kujua. Bariadi si hivyo. Mji ni mdogo na watu wanajuana. Anayepokea kadi hospitali anaweza kuwa binamu wa golikipa. Anayekaa kwenye benchi la kusubiri dawa anaweza kuwa shabiki wa timu pinzani. Siku za kliniki zinajulikana, mlango wa CTC unajulikana, na aliyeonekana amekaa pale hata kama alimsindikiza shangazi, kesho ana kesi ya kujibu.

Ndiyo maana wengine wanaamua kuruka hospitali za karibu na kupanda basi hadi Mwanza au Shinyanga, wakatibiwe wasikojulikana. Nauli inakwenda, siku za dawa zinarukwa, na ugonjwa uliokuwa wa wiki mbili unakuwa wa miezi miwili.

SALAMU NDEFU ZA USUKUMANI

Haki isemwe: si kila anayeuliza ana nia mbaya. Usukumani salamu ni ndefu. Mtu akishakuambia "mwadila" hatakimbia, atataka habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na kama ulikuwa mgonjwa atataka habari za ugonjwa. Kupita kimya mbele ya mtu aliyetoka kuumwa ni utovu wa adabu.

Lakini wazee hao hao wanajua mpaka wa salamu. Wanauliza "umepona, baba?", wanapewa "nashukuru, nimepata nafuu", na mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Hawaulizi karatasi ya maabara ilisema nini. Mgonjwa akitaka kueleza zaidi, ataeleza mwenyewe, tena ndani, siyo barabarani.

Soka la leo limeuruka mpaka huo. Simu zimezidisha. Mchezaji anapiga picha cheti chake na kumtumia katibu ili kuthibitisha kwamba kweli alikuwa anaumwa na hakutoroka mazoezi. Katibu anakitupa kwenye kundi la viongozi ili wote waone. Kiongozi mmoja anakisukuma kundi la wachezaji, na mchezaji mmoja ana shemeji kwenye kundi la mashabiki. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kumuumiza. Kufika jioni, jina la dawa anazokunywa mtu limeshasomwa na watu 200.

UKUTA WA COPENHAGEN

Juni 12, 2021, dunia nzima ilikuwa inatazama. Denmark ilikuwa inacheza na Finland jijini Copenhagen kwenye michuano ya Euro, na kiungo Christian Eriksen akaanguka bila kuguswa na mtu. Moyo ulikuwa umesimama.

Nahodha Simon Kjær na wenzake walifanya mambo mawili. La kwanza, waliwapisha madaktari wafanye kazi. La pili, walisimama kumzunguka mwenzao, wengi wakiwa wamempa mgongo, ili kamera zisimwone. Hawakuwa wamefundishwa hilo mazoezini. Walijua tu kwamba mtu akiwa katika hali ile hapaswi kuwa maonyesho.

Eriksen alipona. Akawekewa kifaa kidogo kifuani cha kuushtua moyo ukienda mrama. Taratibu za Italia hazikumruhusu kucheza na kifaa hicho, na Desemba 2021 akaachana na Inter Milan. Februari 26, 2022, akarudi uwanjani na Brentford ya Uingereza, baada ya madaktari kupitia vipimo vyake na kusema anaweza kucheza.

Shabiki aliyekuwa jukwaani siku ile alijua mambo mawili: mchezaji ana kifaa, na madaktari wameruhusu. Hayo yalitosha kupiga makofi. Makaratasi mengine yote ya vipimo yalibaki kwake, kwa familia yake na kwa madaktari wake. Na mpira ulichezwa.

KOCHA AJUE NINI?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Wapo wanaodhani kutunza siri ya mchezaji ni kumnyima kocha habari. Siyo hivyo. Kocha ana haki ya kujua, tena haki kubwa, ila si kila kitu.

Kocha anahitaji majibu ya maswali matatu. La kwanza: anaweza kucheza au hawezi? La pili: kuna mipaka gani? Labda aanze na dakika 20, asikimbizwe jua la saa nane, apewe maji mara kwa mara, asipige mpira kwa kichwa kwa mwezi mmoja. La tatu: akipata shida uwanjani, afanyiwe nini na apigiwe nani?

Majibu hayo yote yanaenea kwenye nusu ukurasa, na jina la ugonjwa halimo. Mfano wake ni huu: "Mchezaji huyu ameruhusiwa kurudi mazoezini kuanzia tarehe fulani. Wiki mbili za kwanza afanye mazoezi mepesi, anywe maji ya kutosha, asiendelee akijisikia kizunguzungu. Arudi kliniki tarehe fulani." Sahihi ya daktari, muhuri, basi.

Chukua mfano wa mwenye vinasaba vya selimundu, hali ambayo Kanda ya Ziwa inaifahamu vizuri. Wengi wenye kinasaba kimoja wanaishi bila dalili, lakini mazoezi makali ya ghafla kwenye joto na bila maji yanaweza kuwaletea hatari. Kocha akipewa maelekezo ya maji, mapumziko na kuongeza mazoezi taratibu, mchezaji yuko salama. Akipewa jina la hali hiyo bila maelekezo, hana la kufanya nalo zaidi ya kumwacha benchi.

Na jambo moja lisiwe na mjadala: bila sahihi ya daktari, hakuna kucheza. Siri si leseni ya kuingia uwanjani mgonjwa. Mwenyekiti akisema "huyu tunamhitaji Jumapili", kocha aseme karatasi iko wapi.

WALIOANGUKA

Soka la Tanzania halihitaji kwenda mbali kujua kwa nini. Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza alianguka katikati ya mechi dhidi ya vijana wa Mwadui, na hakuamka tena. Kanda ya Ziwa yote ililia.

Juni 26, 2003, ilikuwa zamu ya Cameroon. Marc-Vivien Foé alianguka mjini Lyon kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia na akafariki. Baada ya hapo FIFA iliweka uzito mpya kwenye vipimo vya moyo, na kufika Kombe la Dunia 2006 wachezaji walikuwa wanapimwa kabla ya mashindano.

Kuna aliyeokolewa na vipimo hivyo hivyo. Mwaka 1996 Nwankwo Kanu wa Nigeria, akiwa ametoka kubeba dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta, alisajiliwa na Inter Milan. Madaktari wa klabu wakakuta moyo una hitilafu. Wapo waliosema mpira wake umekwisha. Alifanyiwa upasuaji mwaka huo huo, akarudi uwanjani mwaka uliofuata, na mwaka 1999 akatua Arsenal ambako mashabiki wa Afrika Mashariki walimshangilia kama mtoto wa nyumbani.

Somo la Kanu ni kwamba mchezaji lazima apimwe, na apimwe akiwa hana hofu. Hapo ndipo siri inapogeuka kuwa suala la uhai. Mchezaji anayejua kwamba atakachomwambia daktari kitafika kijiweni, hamwambii daktari. Anasema "niko poa", anakunywa panadol mbili, anaingia uwanjani. Kizunguzungu anakificha. Maumivu ya kifua anayaita gesi.

Kwa maneno mengine, timu inayochunga siri za wachezaji wake ndiyo inayojua ukweli wa afya zao. Timu yenye midomo inaishi gizani.

DAMU YA NANI? DAMU NI DAMU

Swali linalotokea kila mara ni hili: vipi kuhusu magonjwa ya kuambukiza? Je, wenzake hawana haki ya kujua?

Sheria za soka zilishalijibu hilo kwa busara. Mchezaji anayetoka damu anatolewa nje, damu inazuiwa, jezi yenye damu inabadilishwa, ndipo refa anamruhusu kurudi. Sheria hiyo haiulizi damu ni ya nani. Ni sawa kwa nahodha na kwa aliyesajiliwa jana. Mhudumu wa huduma ya kwanza anavaa glovu kwa kila mtu. Timu ikifuata hilo, haihitaji orodha ya nani ana nini.

Waliotangulia walilipa gharama kubwa kwa kukosa imani hiyo. Novemba 7, 1991, nyota wa kikapu wa Marekani, Magic Johnson, alitangaza kwamba ana virusi vya Ukimwi na anastaafu. Mwaka 1992 alicheza mechi ya nyota wote, akatwaa dhahabu ya Olimpiki Barcelona, na akajiandaa kurudi ligini. Baadhi ya wachezaji wenzake wakasema hadharani kwamba wanaogopa damu yake. Akaamua kuacha kabla msimu haujaanza. Alirudi tu Januari 1996, akiwa na umri wa miaka 36. Leo yupo hai, mzee mwenye wajukuu, na hofu ya wale wenzake haikuthibitika.

TB nayo ina utaratibu wake. Mgonjwa anaanza dawa, na anayetibiwa vizuri kwa kawaida huacha kuambukiza muda mrefu kabla ya kumaliza dozi ya miezi sita. Daktari ndiye anayesema lini anaweza kukaa na wenzake kambini. Kama kuna watu wa karibu wanaotakiwa kupimwa, kazi ya kuwafuata ni ya wahudumu wa afya, nao wana njia zao za kuifanya. Katibu wa timu hana kazi hiyo, wala msemaji, wala kundi la WhatsApp.

SHERIA INASEMAJE

Viongozi wengi wa soka la mikoani wanadhani mambo haya ni ustaarabu tu. Ni sheria.

Katiba ya Tanzania, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa maisha yake binafsi. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inafanya majibu ya vipimo vya virusi kuwa siri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya virusi hivyo au ulemavu.

Kubwa zaidi kwa klabu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti. Kwa kawaida kuzishughulikia kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa kwenye mazingira ambayo sheria imeyataja. Tume inayosimamia sheria hiyo ilizinduliwa Aprili 2024 na Rais Samia Suluhu Hassan, na mtu aliyevujishiwa taarifa zake anaweza kupeleka malalamiko huko.

Katibu anayekitupa cheti cha mchezaji kundini huenda hajawahi kuisikia sheria hii. Kutoisikia hakumwondoi ndani yake.

Kwa mchezaji mwenye mkataba wa ajira kuna jambo jingine la kujua. Sheria ya ajira inampa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Anachotakiwa kuleta ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Hilo ndilo deni lake kwa mwajiri. Hadaiwi kusimama mbele ya kamati ya utendaji na kueleza ilianzaje.

Hata kwenye usajili FIFA imeweka mpaka. Kanuni zake za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea mchezaji kufaulu vipimo vya afya. Klabu inayotaka kumpima, impime kabla ya kusaini. Ikishasaini, haiwezi kuchukua karatasi ya maabara na kusema mkataba haupo.

MCHANGO SI TIKETI YA KUSOMA FAILI

Mchezaji wa mchangani hana mkataba, na hapa Simiyu wengi ni wa namna hiyo. Hana likizo ya ugonjwa, mara nyingi hana bima. Akiumwa, timu inapitisha daftari. Mashabiki wanachanga, wazee wa timu wanachanga, dereva wa basi anachanga. Ni jambo zuri na ndilo lililowaokoa wengi.

Lakini mchango nao una mtego. Aliyetoa elfu tano anaona ana haki ya kujua elfu tano imetibu nini. Na kiongozi anayeomba mchango anaona akitaja ugonjwa mkubwa, watu watatoa zaidi.

Njia ipo. Tangazo liseme "mwenzetu anaumwa na anahitaji msaada wa matibabu". Watu wawili waaminifu, ambao mgonjwa amewakubali mwenyewe, waone risiti za hospitali na kuwaambia wengine hela imefika na imetumika. Ukoo unaochangia msiba au harusi unaiamini kamati yake bila kila mtu kukagua bei ya mchele. Mgonjwa naye anastahili kamati kama hiyo.

MAGAZETI NAYO YAMO

Kurasa za michezo haziwezi kuwanyooshea kidole makatibu wa timu zikajiacha. Habari ya "straika augua ugonjwa wa ajabu" inauza, na kila mhariri anajua.

Aprili 1992, bingwa wa tenisi wa Marekani Arthur Ashe alilazimika kusimama mbele ya waandishi na kusema ana Ukimwi. Alikuwa ameupata kwa kuongezewa damu baada ya upasuaji wa moyo, na alikuwa ameitunza siri hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu pamoja na familia na marafiki wachache. Hakusema kwa sababu alikuwa tayari. Alisema kwa sababu gazeti kubwa lilikuwa limeanza kumuuliza na alijua linakaribia kuandika. Alikuwa ameshastaafu tenisi. Hakukuwa na mechi iliyotegemea habari ile. Alifariki Februari 1993, miezi kumi baadaye.

Upande wa pili kuna Éric Abidal. Machi 2011 Barcelona ilitangaza kwamba beki huyo ana uvimbe kwenye ini na atafanyiwa upasuaji, na ikaeleza kwamba kwa matakwa ya mchezaji mwenyewe inaomba faragha yake iheshimiwe. Mei 28 mwaka huo alicheza dakika zote za fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Wembley, Barcelona ikaifunga Manchester United 3-1. Nahodha Carles Puyol akampa kitambaa, na Abidal ndiye aliyelinyanyua kombe.

Wapo pia wanaochagua kusema, na kusema kwao kunasaidia. Sébastien Haller wa Ivory Coast alikutwa na uvimbe kwenye korodani Julai 2022, muda mfupi baada ya kutua Borussia Dortmund. Habari zake zilijulikana, alitibiwa, akarudi uwanjani Januari 2023. Februari 11, 2024, ndiye aliyefunga bao la ushindi kwenye fainali ya AFCON, Ivory Coast ikiilaza Nigeria 2-1 mjini Abidjan. Wanaume wengi walioona aibu kwenda kupima wamepata ujasiri kwake. Tofauti ya Haller na Ashe si ugonjwa. Ni kwamba mmoja aliumiliki mdomo wake na mwingine alinyang'anywa.

KUANZA NA HAPA HAPA

Timu ya Bariadi au Maswa haina daktari wa kudumu kama Simba na Yanga. Ina mtu wa huduma ya kwanza mwenye begi, barafu na dawa ya kupulizia. Lakini mambo ya msingi hayahitaji bajeti.

Mchezaji akitibiwa Somanda, hospitali ya rufaa ya mkoa au Bugando, amwombe daktari karatasi mbili: moja yenye maelezo ya matibabu, ambayo ni yake, na nyingine fupi ya kuonyesha kazini na kwenye timu, yenye ruhusa na mipaka tu. Karatasi ya ED imekuwa ikifanya kazi hiyo maofisini miaka yote. Timu ina shida gani?

Timu nayo imteue mtu mmoja wa kupokea karatasi hizo, mwenye kufunga mdomo. Apokee mkononi au kwenye simu yake binafsi, siyo kundini. Picha ikishasomwa ifutwe. Mchezaji mwenye hali inayoweza kumwangusha ghafla, kama kifafa, pumu, kisukari au moyo, akubaliane na mtu huyo kuhusu cha kufanya siku hiyo ikifika, na nani mwingine aambiwe. Hapo uamuzi ni wa mchezaji, lakini aelezwe kwa upole kwamba dakika moja ya kujua la kufanya inaweza kuwa uhai wake.

Msemaji akiulizwa na redio, jibu ni moja: "Alikuwa mgonjwa, amepona, daktari ameruhusu." Akiulizwa tena, arudie. Na ile tabia ya kuita kila ugonjwa malaria iachwe, maana watu wameshaizoea na siku hizi ukisema malaria wanacheka.

Kazi kubwa zaidi ni ya nahodha. Yeye ndiye anayekaa na wachezaji wanapovaa. Beki wa kushoto akitokea Jumamosi na viatu mkononi, na mtu akaanza "kwani ulikuwa unaumwa...", nahodha ndiye wa kukatisha: "Karibu kaka, tulikumiss. Daktari kasema dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Poa. Vaa, tupashe."

Wengine watafuata. Kjær na wenzake walijenga ukuta wao kwa miili mbele ya kamera za dunia nzima. Wa Bariadi utajengwa kwa midomo iliyofungwa, na beki atapata nafasi ya kufunga kamba zake kwa amani.